Ndege ya Nne

Kwa miaka mingi kaka yangu alikuwa na mzaha mmoja tu duniani, na aliutumia mpaka ukachakaa kuliko matairi ya lori lake. Kila alipoingia kwenye gereji yangu hapa Salgaa, kabla hata ya kusalimu, aliwageukia madereva wenzake na kuwaambia, "Mnajua huyu dada yangu alikuwa jeshi, upande wa ndege? Hebu mumuulize ile ya nne ilienda wapi." Wao walivunjika mbavu. Mimi niliinamia gurudumu nikaendelea kufungua nati.

Basi leo nitasema ilienda wapi. Nimechoka kuinamia magurudumu.

Nilizaliwa Kariandusi, mahali ambapo ule udongo mweupe unaochimbwa kule huingia kila pembe ya maisha yako: kwenye nywele, kwenye chai, kwenye nguo ulizofua jana. Baba alifanya kazi kwenye machimbo, na jioni alirudi mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, mama akimpangusa kwa ufagio nje ya mlango kabla ya kumruhusu aingie. Tulikuwa watoto wawili. Kaka yangu alishika usukani wa malori. Mimi niliingia jeshi la anga, nikafanywa fundi wa ndege za mafunzo, zile ndogo zenye pangaboi moja puani na viti viwili, kimoja cha mwanafunzi na kingine cha mwalimu. Kwa zaidi ya miaka ishirini mikono yangu ilishinda ndani ya injini hizo. Nilipostaafu, kila mtu alinishauri nifuge kuku. Sipendi kuku. Nikafungua gereji ya breki za malori kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret, na hapo ndipo ninapotukaniwa kazi yangu ya zamani kila wiki.

Nayajua yote yanayosemwa. Nayasikia kwenye redio, kanisani baada ya ibada, na kwenye kibanda cha chai kilicho mkabala na gereji. Kwamba nchi yetu ni ndogo mfukoni, jeshi lake la anga ni dogo, na ndege za mafunzo ni vitu vya kuchezea vya wakubwa. Kwamba hazijawahi kumpiga adui yeyote. Kwamba kuziremba na kuzipeleka angani siku ya sherehe, zikipinduka na kutoa moshi, ni kuchoma mafuta ili watu wapige makofi. Kaka yangu alikuwa akisema ni sarakasi. "Sarakasi ya kodi," alisema, akijiona amenena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuniuliza jambo hili nikakosa jibu la haraka. Ni rafiki yangu tuliyesoma naye, anauza mitumba Kaptembwo. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda chake, akikunja suruali za watoto, akaniambia bila kucheka, "Sisi hospitali tunaambiwa tununue sindano huko nje. Nyinyi mnachora moshi juu. Hiyo moshi inatibu nani?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Sikulala nalo vizuri, na sitajifanya kwamba nililitatua. Lakini nilipomrudia wiki iliyofuata nilimwambia hivi: kuhusu sindano una haki, na ukienda kupiga kelele nitakwenda nawe, hata nitakubebea bango. Ila usiniambie kwamba ndege ikibaki chini sindano itapanda juu. Nimekaa serikalini miaka yote hiyo na sijawahi kuona dawa iliyofika Kaptembwo kwa sababu ndege fulani haikuruka. Na yule rubani aliyepeleka unga kule mafuriko yalikokata barabara, uliyemshangilia kwenye televisheni, hakuzaliwa akijua kutua. Alianza kwenye kiti cha mwanafunzi, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Najua, kwa sababu baada ya safari zao za kwanza ni sisi tuliopangusa vile viti.

Alinitazama, akaendelea kukunja suruali. "Sawa. Hiyo ni ya kufundisha," akasema. "Na ile ya kupinduka mbele ya watu?"

Hapo ndipo tunapofika kwenye ndege ya nne.

Ili unielewe, lazima nikueleze ubao. Katika karakana ya ndege, kila kifaa kina mahali pake kwenye ubao mkubwa mweupe ukutani, na mahali hapo pamechorwa umbo la kifaa chenyewe kwa rangi nyeusi. Spana ina kivuli cha spana. Bisibisi ina kivuli cha bisibisi. Kifaa kikiwa mahali pake huoni kivuli. Kikiwa hakipo, kivuli kinakutolea macho. Asubuhi tunahesabu, tukimaliza kazi tunahesabu tena, na kila fundi anatia saini. Kikikosekana kimoja, hata kiwe kidogo kama njiti ya kiberiti, ndege yoyote uliyoigusa haitoki. Kwa nini? Kwa sababu spana iliyosahauliwa ndani ya ndege haikai pale ulipoiacha. Ndege ikiinama, nayo inateleza. Ndege ikipinduka, nayo inaanguka juu, yaani chini, na siku moja inajibana katikati ya vyuma vya usukani, rubani anavuta na hakuna kinachosogea.

Sajini aliyenifundisha alikuwa mzee mkavu, mwenye masikio makubwa, asiyependa maneno. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya ubao mpaka miguu ikaniuma. Kisha akasema, "Kupoteza kifaa si dhambi. Mimi mwenyewe nimepoteza. Dhambi ni kunyamaza." Nikadhani ni maneno ya kumtisha kuruta. Nilikuja kuyalipia.

Mwaka sherehe za kitaifa zilipoletwa Nakuru, ndege zetu nne za mafunzo zilichaguliwa kupita juu ya uwanja wa michezo zikiwa zimeshikamana, kisha zipande, zipinduke na kuachana. Mafundi tuliwekwa kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji kwa wiki nzima ya mazoezi. Ndege ya nne ilikuwa yangu. Simaanishi kwamba niliirusha, lakini fundi huiita yake ndege anayoitunza, na rubani huiazima tu. Nilikuwa nimevimba kichwa, sikatai. Nilimpigia mama simu nikamwambia, "Yangu itakuwa ya mwisho, mkono wa kulia. Ukihesabu nne, hiyo ya nne ni mimi."

Mama alijiandaa kana kwamba anakwenda harusini. Alinunua kitambaa kipya cha kichwa, cha buluu. Kaka yangu aliliacha lori akampeleka uwanjani alfajiri, kabla foleni haijawa ndefu, wakakaa upande unaotazama ziwa kwa sababu nilikuwa nimewaambia ndege zitatokea huko.

Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kwenda mjini kuwaona mara ndege zitakaporudi. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipoingia. Kati ya vifaa vyetu kulikuwa na kioo kidogo cha duara chenye mpini unaovutika kama antena ya redio. Ni cha kuchungulia nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Nakuru, ile inayokaa kwenye vifundo vya vidole, na nilivaa sweta juu ya ovaroli. Nilimaliza kukagua injini, kisha nikajitazama kwenye kile kioo. Nilitaka kuona kama nywele zangu zinaweza kutokea mbele ya mama. Nikajipangusa grisi shavuni. Nikajichekea. Kioo nikakitia mfukoni mwa sweta bila kufikiri. Jua lilipotoka nikavua sweta, nikaitupa kwenye mfuko wangu wa nguo, na mfuko huo ukapakiwa kwenye gari lililotangulia mjini kupeleka vyakula na mizigo ya watu.

Tulipokwenda kuhesabu, kivuli cha kioo kilikuwa kinanitazama.

Nilipekua mifuko ya ovaroli. Nilipekua sanduku la vifaa mara tatu. Nililala kifudifudi kwenye lami nikatazama chini ya ndege. Sikukumbuka sweta, wala kujitazama; akili ilikuwa imefunga mlango. Nilichokumbuka ni kwamba mara ya mwisho nilikuwa na kile kioo nikiwa nimeinama ndani ya injini ya ndege ya nne. Rubani wake alikuwa amekwisha kujifunga mikanda. Kwa mbali tulisikia kwenye redio ya mlinzi bendi ikipigwa uwanjani.

Nitasema ukweli wangu wote. Nilifikiria kunyamaza. Haikuwa kwa dakika nzima, lakini nilifikiria. Kioo ni kidogo. Labda hakimo. Mama amekaa anahesabu. Nchi nzima inatazama. Ni nani angejua? Hata kusaini ningesaini kwa mkono usiotetemeka, maana nilikuwa nimesaini mamia ya mara. Nikayakumbuka masikio makubwa ya yule sajini, nikapiga moyo konde, nikaenda kusimama mbele ya afande aliyeongoza maonyesho.

"Ndege ina shida gani?" aliniuliza, macho yakiwa kwenye saa.

"Ndege haina shida ninayoijua, afande. Shida ni mimi. Kioo cha kukagulia hakipo, na mara ya mwisho kilikuwa ndani ya injini hii."

"Una hakika hakipo?"

"Sina hakika kiko wapi, afande."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitarajia aniambie nitazame tena, au anikumbushe nani amekaa kwenye jukwaa kuu akisubiri. Hakufanya hivyo. Alivuta pumzi moja ndefu, akainua mkono, akaonyesha vidole vitatu. Rubani wa ndege ya nne alijifungua mikanda, akashuka. Alikuwa kijana, na alikuwa amefanya mazoezi yale hadi akawa anayafanya kwa mikono yake mezani wakati wa chakula. Alinipa mkono, mkono mzito kweli, kisha akaenda kusimama kando ya uzio peke yake.

Zile tatu ziliruka. Hawakuziba pengo. Hakukuwa na wakati wa kupanga upya, na kila rubani alikaa mahali alipozoea, kwa hiyo juu ya uwanja wa michezo wa Nakuru, mbele ya maelfu ya watu, zilipita ndege tatu na nafasi tupu mkono wa kulia. Nafasi ya namna hiyo huachwa wakati mwingine makusudi, kumkumbuka rubani aliyefariki. Siku hiyo hakuna aliyefariki, na hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Uwanjani watu walicheka. Kaka yangu amenisimulia mara nyingi mno, akitia chumvi kila mara. Mtu nyuma yao alipiga kelele kwamba serikali imeuza moja njiani. Mwingine akasema imezimikia Salgaa, isukumwe. Kaka yangu alicheka nao. Mama alikuwa amesimama, kidole juu, akihesabu. Moja, mbili, tatu. Alibaki na kidole hewani, anasubiri ya nne itokee ziwani, mpaka moshi wa zile nyingine ulipokuwa umekwisha kutawanyika kuelekea Menengai. Ndipo akaketi.

Kioo nilikikuta saa nane mchana, mfuko wangu uliporudishwa. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kwa aibu. Niliandikwa barua, nikapewa kazi za adhabu kwa mwezi mzima, na nilistahili. Sikwenda mjini. Jioni nilipompigia mama simu aliniuliza kwa upole, "Yako ilikataa kuwaka?" Nami, badala ya kumwambia, nikajibu, "Ndiyo mama, ilikataa."

Mbele ya afande nilikuwa na ujasiri. Mbele ya mama sikuwa nao. Ningemwambiaje kwamba ndege ilikuwa nzima, na kwamba aliachwa amesimama na kidole hewani kwa sababu binti yake alitaka kuona nywele zake? Mama alifariki miaka miwili iliyopita akiamini kwamba kazi yangu ya ujana wote ilikuwa kutunza vitu visivyowaka. Hilo linaniuma kuliko mizaha yote ya Salgaa, na ni kosa langu mwenyewe.

Lakini usinielewe vibaya. Naomba radhi kwa mama. Siombi radhi kwa ndege. Mtu akisikia kisa hiki husema, "Umeona? Ndege ilikuwa nzima, ikabaki chini bure." Haikuwa bure. Jeshi ni mahali penye ukuta mrefu na kibao cha kukuzuia usipite. Humo ndani mtu anaweza kuharibu kazi miaka kumi bila mwananchi kujua. Siku ya maonyesho ndiyo siku pekee ukuta huo hushushwa, na kazi yetu ikaonyeshwa waziwazi, juu ya vichwa vya mama zetu na watoto wenu. Vita huenda visije maisha yangu yote, na nisingeomba vije. Lakini sherehe ina tarehe na saa. Utajificha wapi? Kama umezembea, utaonekana. Na kama una shaka na unaona haya kusema, utaua mtu mbele ya bendi. Siku hiyo ndege yangu haikuruka, na ni siku niliyojua kwamba mafunzo yetu yalikuwa ya kweli. Mwenye cheo alikubali kuchekwa na nchi nzima kwa neno la fundi mmoja aliyepoteza kioo. Nitajieni ofisi nyingine humu nchini ambamo jambo hilo limewahi kutokea.

Nimeuchora ubao ule hapa gerejini, juu ya mabati, kwa rangi nyeusi iliyobaki walipopaka lango la kanisa. Madereva waliponiona nikiuchora walidhani ninafungua shule ya chekechea. Wamezoea mafundi wanaofungia spana ndani ya gurudumu na kununua nyingine. Mimi ninahesabu asubuhi, na ninahesabu kabla lori halijatoka. Wengine wameacha kuja kwa sababu hiyo. Waende.

Mwaka jana kaka yangu aliniletea lori lake. Lilikuwa limepakia saruji ya kupeleka Eldoret, na breki za nyuma zilikuwa zinapiga kelele. Nilifanya kazi tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana. Nikafunga magurudumu, nikajipangusa mikono, nikaenda ubaoni. Kivuli cha spana namba kumi na tatu kilikuwa wazi.

"Gari iko tayari?" kaka yangu aliuliza, amekwisha kupanda.

"Bado. Kuna spana haipo."

"Spana? Si uko na zingine?"

"Niko nazo. Hiyo moja haipo. Umeigusa?"

"Mimi sijagusa kitu yako. Dada, hii ni mzigo ya watu. Kuna mtu ananingoja Eldoret. Nitakununulia spana kesho, box mzima."

"Sitaki box. Nataka hiyo."

Madereva walianza kukusanyika kutoka kibanda cha chai, glasi mkononi, maana ugomvi wa ndugu ni burudani isiyo na kiingilio. Mmoja akanisihi, "Mathe, si uachilie mzee aende? Spana ni kitu kidogo." Nikaleta jeki, nikaanza kuinua tena gurudumu nililokuwa nimelifunga.

Kaka yangu aliruka chini. Alikuwa amekasirika kwelikweli, shingo imemvimba. "Ni ile tabia yako ya jeshi," akapaza sauti. "Kuchezea watu akili. Hata huko mlikuwa hivi hivi, mnahesabu hesabu, halafu siku ya siku ndege haiwaki! Mathe alisimama pale kama mjinga akiingoja. Kwa sababu ya nini? Ya takataka!"

Sijui ni neno gani lililonifikia. Nadhani ni lile la mathe, mama yetu. Nilisimama na mpini wa jeki mkononi nikamwambia yote, pale pale, mbele ya kila mtu na glasi yake. Kioo. Nywele. Sweta. Vidole vitatu vya afande. "Ndege iliwaka," nilisema. "Ingeruka vizuri tu. Niliizuia mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu sikujua kioo kiko wapi, na nisingekubali kijana wa watu apinduke juu ya kichwa cha mama yangu na shaka yangu ndani ya injini yake. Nikamdanganya mama kwa aibu. Wewe sitakudanganya. Hii saruji utaipandisha, sawa. Lakini kesho kutwa utarudi ukiteremka hapo juu na mahindi mgongoni, na unajua ule mteremko umekula wangapi. Kama spana yangu imo kwenye breki zako, utavuta na hakuna kitakachoshika. Hutoki. Pigia polisi ukitaka."

Hakuna aliyecheka. Nikainama nikaendelea. Nilifungua gurudumu la kwanza, hamkuwa na kitu. La pili, hamkuwa na kitu. Nilikuwa kwenye la tatu nilipomwona kaka yangu, kwa pembe ya jicho, akitembea polepole kuelekea mbele ya lori. Aliinama kwenye bampa. Akasimama hapo kwa muda, amenipa mgongo, mkono wake umeshika kitu ndani ya mfuko wa koti.

Nilijua alichoshika. Nilijua pia anachofikiria, maana nami nilikuwa nimewahi kusimama hivyo. Ubao ulikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kupita, akaitundika spana mahali pake, akanigeukia na kusema, "Si hii hapa, kipofu wewe?" Kila mtu angecheka na mzaha wa ndege ya nne ungeongezewa miaka kumi.

Alikuja mpaka pale nilipopiga magoti. Akaitoa. "Ni mimi," akasema, si kwa sauti ndogo. "Asubuhi plate ya namba ilikuwa inacheza. Nikachukua nikakaza, nikaacha hapo kwa bampa. Nilisahau. Nimekwambia sijagusa, na niligusa."

Niliipokea. Ilikuwa na joto la mkono wake. Tulifunga magurudumu pamoja, naye akasimama nami mbele ya ubao nilipokuwa nikihesabu, mpaka kivuli cha mwisho kikafunikwa. Kisha akaondoka. Alifika Eldoret amechelewa, akagombezwa na mwenye mzigo, na siku mbili baadaye aliuteremka ule mteremko na mahindi yake, akapiga honi alipopita gereji.

Ningeishia hapo, lakini mwezi uliopita ndege zilikuja tena. Sherehe zilikuwa zinakaribia, na kwa siku tatu mfululizo zilifanya mazoezi juu ya bonde, nne nne, zikipita kwa kishindo juu ya barabara kuu kiasi cha kuwafanya mbuzi wa watu wakate kamba. Siku ya mwisho kaka yangu alikuwa kwenye kibanda cha chai na madereva watano au sita. Mimi nilikuwa mlangoni mwa gereji. Tulizisikia kabla ya kuziona. Zikatokea upande wa Nakuru, zimeshikamana vizuri, na nikahesabu kwa mazoea.

Moja, mbili, tatu. Mkono wa kulia palikuwa patupu.

Kicheko kilianza mara moja. "Hiyo ingine imekwama kwa mechanic!" dereva mmoja alisema, na wengine wakadakia, wakageuza macho kwa kaka yangu wakingoja mzaha wake, maana wanaujua.

Kaka yangu aliweka glasi chini. Alisimama, akavua kofia, akainua kidole, akahesabu kwa sauti kama mama alivyofanya, moja, mbili, tatu, na kidole chake kikabaki hewani kwenye ile nafasi mpaka ndege zilipopotelea upande wa Molo.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Hiyo ya nne iko chini kwa sababu kuna mtu ameongea ukweli. Dada yangu aliwahi kuwa huyo mtu. Mathe wetu alikuwa hapo, na mimi nilicheka."

Kisha akavaa kofia yake, akaketi, akamalizia chai.